Betri za Mkia

Jumatatu, 1 Septemba

Mashine inanguruma tangu asubuhi. Betri za taa za kichwani za wachimbaji, mtumba mtupu, gunia jingine zima kutoka dukani kwa rafiki yangu Zuhura, Katoro. Kila moja naipa mkondo mdogo wa umeme unaochezacheza, kwanza haraka, kisha taratibu, kisha taratibu hadi chai inapoa. Kioo kinachora upinde, halafu mkia unaopanda kwa mshazari. Mkia ndio ninaoutaka. Hapo ayoni zinapenya ndani ya chembe za betri, kama maji yanavyopenya michembe, viazi vikavu, sufuriani. Nikiutazama mkia najua kama zinapenya upesi au zinaburuta miguu, ingawa modeli yangu ya hesabu bado haikubaliani nao.

Zinazoburuta ni hatari. Ukipima volti, ziko sawa. Dukani zinawaka vizuri. Kazi ikizidi zinazima ghafla, na ukizipumzisha zinajifanya nzima. Hizo nazichora mkia kwa kalamu nyekundu. Zote zinarudi kwa Zuhura: nzuri auze, za mkia azipeleke Mwanza zikavunjwe.

Jumatano, 3 Septemba

Modeli imekubali! Siku zote hizi mstari wangu ulikuwa unaenda kivyake, vipimo kivyake. Kumbe nilizihesabu chembe zote kama zina ukubwa mmoja. Ujinga wangu mwenyewe. Nimeziacha ziwe kubwa na ndogo, mstari ukalala juu ya nukta. Nikapiga makofi peke yangu maabarani. Wanafunzi wakachungulia dirishani, wakaondoka kimya.

Nilimpigia Zuhura. Haelewi hata nusu, lakini alinipigia kigelegele kwenye simu. Tumetoka mbali. Bweni moja, blanketi moja. Binti yake Nasra ananiita mama mkubwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Masanja ameumia. Mume wa mdogo wangu Kabula. Anachimba na wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Taa ilimzimikia ndani ya duara, shimo la dhahabu, akiwa anapanda. Giza, mguu ukakosa pa kukanyaga, akaanguka. Mguu umevunjika. Wenzake wamemtoa kwa kamba. Kabula analia kwenye simu, simsikii vizuri. Kesho naenda.

Jumamosi, 6 Septemba

Hospitali. Amefungwa plasta hadi pajani. Ananiamkia shikamoo na utani juu, ati sasa Kabula atampikia uji bila kununa.

Taa yake ilikuwa chini ya kitanda. Niliiokota, nikaijaribu. Ikawaka vizuri kabisa. Nikaifungua. Mkia mwekundu. Mkono wangu. Najua ninavyoupinda mwishoni.

Nikamuuliza ameitoa wapi.

"Kwa Mama Nasra, Katoro. Nilimwambia anipe ya mkia, shemeji. Si ndizo ulizozipima wewe? Siku hizi duarani hakuna anayetaka isiyo na mkia."

Alisema kwa fahari. Kwa ajili yangu. Nikaitia ile taa mkobani, nikatoka nje.

Jumapili, 7 Septemba

Katoro. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwanza. Za mkia zimepangwa rafu ya mbele, alama zinatazama nje. Nzuri ziko chini, nyuma ya ndoo.

Zuhura alinikaribisha kwa soda. Hakukana chochote. Wateja waliuliza ile alama ni ya nini, akawajibu ni alama ya Mwalimu. "Sasa hapo nimedanganya wapi?" Eti hakuwahi kutamka kwamba ni nzuri, watu wamejisemea wenyewe. Eti Mwanza mbali.

Nikamwambia kuhusu Masanja. Akasema pole sana, na nadhani alimaanisha. Kisha akaingia mteja, akataka ya mkia. Akampa. Mbele yangu!

Nilimpokonya yule mteja. Nikakomba rafu yote nikatia kwenye kikapu. Makelele, vijana wa bodaboda wakajaa mlangoni. Zuhura ananishika mkono, "Mwalimu, unaniaibisha." Eti mimi ndiye ninayemwaibisha!

Jumanne, 9 Septemba

Namchukia. Naandika hivyo kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Angeiba betri ningesamehe. Amechukua onyo langu akaligeuza kibwagizo cha biashara, na mchoraji ni mimi. Kila mkia niliochora nilikuwa namfanyia tangazo.

Nasra alipiga simu. Mama mkubwa utakuja lini? Nikakata. Mtoto hana kosa lolote. Nimekata hivyo hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda kwa viongozi wa machimbo. Wametangaza kwa kipaza sauti: betri za mkia ni mbovu, zirudishwe. Kabula anasema watu wamecheka. Wanadhani kuna mfanyabiashara anataka kuzikusanya zote azifiche, apandishe bei.

Zuhura hajapiga. Naitazama simu kama mjinga.

Jumatano, 17 Septemba

Machimboni tangu asubuhi. Nimeketi karibu na mdomo wa duara na boksi la betri nzuri, zilizopimwa zote. Leta ya mkia, nikupe nzima, bure. Wamekuja wachache, ndugu za Masanja. Wengine wanapita mbali.

Mchimbaji mmoja mtu mzima alisimama. Aliiangalia yangu juu na chini, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, ya kwangu imepimwa. Hii yako haina alama."

Nikamwambia mchoraji wa hiyo alama ni mimi. Akacheka kwa upole, kama anavyochekewa mtu aliyechanganyikiwa. Nikaanza kumweleza ayoni. Alinisikiliza kwa adabu huku anafunga kamba kiunoni. Zamu yake ilikuwa imefika, wenzake wameshatangulia chini.

Nikatoa kalamu nyekundu. Nikachora mkia kwenye betri nzima, nikaupinda mwishoni kama siku zote.

Akaipokea. Akailinganisha na yake, akaridhika. Akanipa ile mbovu, akashukuru kwa kusema wabeja, akashuka.

Walioona wakaja kupanga foleni.