Koni Imesimama Kikombeni, Usiiguse

Mama,

Gauni la dada usilipeleke kwa fundi jirani. Cherehani yako haijazeeka, wala wewe.

Asubuhi uzi ulipokatika mara ya tatu ulisema mashine ya nyumbani haiwezi koni kubwa ya uzi, ukatoka umenuna, chai hukumaliza. Nimeimaliza mimi, maana kikombe nilikihitaji. Koni ulikuwa umeilaza, kwa hiyo kila uzi ukivutwa ilibingirika na kuukaza. Sasa imesimama ndani ya kikombe chako, nyuma ya mashine. Uzi unapanda juu kwanza, unapita kwenye henga ya nguo niliyoifunga dirishani, ndipo unashuka mashinani. Henga usiicheke. Nimeshona kitambaa cha jikoni mistari mitano, uzi haujakatika hata mara moja.

~~Pindo la gauni nimelimaliza.~~ Uongo, sijaligusa. Ningeweza, lakini kesho dada anaanza kazi ya uuguzi, na uliapa sare yake ya kwanza utaishona kwa mkono wako.

Nawahi darasani. Chai leo kunywa kwa bilauri. Dada akiuliza fundi ni nani, sema ni wewe. Kwa majirani nitajisifu mwenyewe.

Kitinda mimba wako, mhandisi wa kikombe