Umande wa Saa Nane Mchana

Sosiot,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa dada yangu Priscah,

Chamgei. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima, na kwamba baridi ya Molo haijakurudishia kile kikohozi. Huku mvua imekuwa nzuri, majani chai yanakuja kwa wingi, na mimi bado ni karani wa mizani pale kituoni. Mama ana nguvu. Anakamua mwenyewe na miaka yake sabini na minne, na ugomvi wake na jogoo wa jirani haujaisha.

Sikupiga simu kwa sababu wewe huiweka sauti ya juu ukiwa jikoni, na habari hii si ya watoto. Nitampa Kebaso, dereva wa lori, akuletee mkononi.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Inatoka hospitali ileile ulikonisindikiza miaka minne iliyopita, waliponikata tumbo ili nipungue. Wanataka sahihi ya jamaa wa karibu kwa upasuaji wa pili. Vivian amekataa kuitia. Ameniambia tumbo la mume wake si suruali ya shule ya kutiwa kiraka kila muhula. Wewe pia usitie sahihi kabla ya kusoma hadi mwisho.

Unakumbuka niliingia na kilo mia moja arobaini na nane. Nilishuka hadi tisini na saba, nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Sasa ni mia moja ishirini na sita. Sukari imerudi, na kiungulia kinanipanda mpaka nalala nimeketi. Kituoni wameona. Jentrix, yule mama mcheshi aliyeolewa huku kutoka Vihiga, alisema nikijining'iniza kwenye ndoano ya mizani lori la kiwanda litajaa kwa safari moja. Nilicheka na wengine.

Daktari hakunificha. Alisema anaweza kukiunganisha kijifuko cha tumbo kilichobaki na utumbo, chakula kipite njia fupi. Kiungulia kingepungua, na huenda uzito pia. Lakini mara ya pili ina hatari zaidi: ndani kuna makovu, mshono unaweza kuvuja, na wapo wachache wasioamka. Kamera waliyonipitisha kooni ilionyesha tumbo limetanuka kidogo tu, si kiasi cha kueleza kilo zote hizo. Kwa hiyo akanipa daftari niandike kila kinachopita kinywani kwa siku thelathini. Nilipolirudisha alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza nakunywa nini. Nikasema maji, na chai isiyo na sukari. Akauliza tena. Mara ya tatu nikamwambia daftari liko mbele yake. Akasema kama ni hivyo, kilichobaki ni kisu.

Alhamisi iliyopita Jentrix alileta gunia, nikatia mkono katikati, ukatoka umelowa. Unajua watu hunyunyizia majani maji ili mizani ipande, na miaka kumi na saba kazi yangu imekuwa kuwashika. Nilimrudishia. Akasema si maji hayo, karani, ni umande. Nikamuuliza ni umande gani huu unaoanguka saa nane mchana na jua linawaka. Foleni nzima ikacheka, naye akacheka, akaenda kuyaanika.

Jioni hiyo nilipita kwa Mama kama kawaida. Akaniletea kibuyu cha mursik, maziwa yake ya kugandisha. Kikombe cha pili nilishindwa kukimeza.

Dada, nililotaka kukuambia ni hili. Unakumbuka tulikubaliana tumwambie Mama kuwa nimepasuliwa vidonda vya tumbo, kwa sababu niliona aibu mwanamume kukatwa kwa ajili ya kula. Mama anajua dawa moja ya vidonda, nayo ni maziwa. Tangu nitoke hospitali amekuwa akiniwekea maziwa yote ya jioni, hayapeleki kwa deri kuuza. Nyama na ugali hunikwama, lakini mursik hupita kana kwamba hakuna kilichokatwa. Vikombe vitatu, vinne, kila jioni kwa miaka minne. Ningekataa, angeuliza kwa nini. Vivian alidhani nachelewa kituoni. Mwaka juzi Mama alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu alitumia maziwa yake kuniponya, na tangu siku hiyo wagonjwa wa tumbo huja kwake na vibuyu vyao. Nilikuwa nimeketi pale. Nilisema amina.

Katika lile daftari sikuandika hata kikombe kimoja.

Jana baada ya ibada nilimwambia Mama yote. Hakupaza sauti. Aliuliza nani mwingine alijua, nikakutaja wewe na Vivian. Akauliza walikata kiasi gani, nikamwambia robo tatu. Akauliza sasa yeye alikuwa akimlisha nani. Akaosha kibuyu, akakiinamisha kwenye ua kikauke. Akasema alisimama mbele ya watu, na Jumapili hii atasimama tena awaambie hakujua. Anataka mimi niketi benchi la mbele, na wewe kando yangu.

Njoo. Naiogopa Jumapili hiyo kuliko kisu.

Tarehe ishirini na nne nitampelekea daktari daftari jipya, nimweleze la kwanza lilikuwa la uongo. Kiungulia ni cha kweli, kwa hiyo huenda bado akasema tukate. Akisema hivyo akiwa anajua yote, nitakuomba sahihi. Kwa sasa fomu ikae kabatini.

Leo jioni nilipita kwa Mama. Alinipa maji, akaketi kunitazama nikiyanywa. Nimeyaandika: glasi moja, saa kumi na mbili na robo.

Msalimie shemeji na watoto, uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Vivian anakusalimu, nimemwambia yote asubuhi hii, na amesema kuanzia leo karani wa sahani yangu ni yeye.

Ni mimi ndugu yako,
Kipngeno