Nani Anamjibu Hibo

Garissa

Dada yangu Fatuma,

Assalamu aleikum. Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Na migomba, maji yamefika au bado mnabeba kwa ndoo? Sisi tuzima, ila joto la hapa linatuamsha kabla ya adhana. Asubuhi nafundisha chekechea, alasiri nawachezesha watoto ngoma, jioni nafua. Nikikaa tu nasinzia. Hibo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka akiziba mdomo.

Sikutaka kukwambia haya kwa simu maana wewe simu yako unaweka sauti ya juu na Masalani nzima inasikia. Isome peke yako kwanza. Ukimsomea Mama, ruka pale utakapoona pa kuruka. Yeye aliniambia nimwachie Mungu. Mungu nimemwachia mengi, Dada. Hili nilibaki nalo mwenyewe.

Unakumbuka nilivyompeleka Hibo kwa bibi yake, Dahabo, mama yake Abdi, mwaka ule huyo mume wangu alipotuacha? Mtoto nilimpaka hina mpya, nguo nimeipiga pasi kwa jirani. Dahabo akasimama mlangoni, hata kikombe cha maji hakutoa. Akasema, "Hii mtoto ya mtu wa mto, watu wa kulima. Sisi hatujui yeye." Akavuta mlango wa bati. Hibo akaniuliza njiani, "Mama, bibi ayeyo hakuona hina yangu?" Siku hiyo nilijiambia, huyu mama atamjua huyu mtoto, na atamjua mbele za watu.

Sasa sikiliza ninavyowafundisha ngoma. Watoto wadogo ukiwaambia "moja, mbili, tatu, geuka," wanapotea. Lakini hapa mtoto wa Kisomali anajua majina ya baba na babu zake kabla ya kujua kuhesabu. Basi kila jina nikalifanya hatua moja. Mtoto anaingia katikati ya duara, anataja jina lake, mguu, la baba, mguu, la babu, mguu, mpaka mwisho. Akimaliza anasimama, na mtu wa ukoo wake aliyekaa mkekani anajibu kwa sauti, "Ni wetu!" Hapo ndipo mtungi, ndiyo ngoma yetu, unapigwa kwa nguvu na mtoto anazunguka.

Hibo naye ana majina yake. Abdi mwenyewe alimfundisha, akimrusha juu na kumdaka, kabla hajapotea. Lakini mimi ni mama tu, wa ukoo mwingine, siwezi kumjibia. Kila alasiri anamaliza, anatazama mkeka, anangoja kidogo, kisha anazunguka bila kujibiwa. Miaka mitatu, Dada, namwona akitazama ule mkeka.

Ndipo akaja Sahra, yule anayeuza maziwa ya ngamia, mwanawe yumo kwenye ngoma yangu. Akasema kuna harusi, watu wa bibi harusi wametoka Bute, wanataka watoto wafungue sherehe ya wanawake. Nikauliza anayeoa ni nani. Alipotaja jina la Abdi akanitazama. "Kama huwezi, walaal, dada yangu, nitafute wengine."

Nikamwambia, "Naweza sana."

Abdi aliwaambia watu wa Bute kwamba hajawahi kuwa na mtoto. Nilijua hilo. Hibo sikumwambia kitu. Nilimwambia tu, cheza kama siku zote na usikimbize majina.

Dahabo alikaa mbele, dhahabu mpaka viwikoni, chetezo kinafuka miguuni. Aliponiona alidhani nimekuja kuosha vyombo. Watoto wakaingia mmoja mmoja, wakataja, wakajibiwa, vigelegele. Hibo nikamweka wa mwisho.

"Hibo. Abdi. Nur. Gedi..."

Kwenye Gedi wanawake wakageukiana. Mwenye mtungi mkono ukamgandia hewani. Mtoto wangu akaendelea bila mdundo, jina na mguu, jina na mguu, hakukosea hata moja. Akasimama. Akatazama mkeka kama kawaida yake.

Shangazi mmoja mzee wa bibi harusi akauliza, "Huyu nani anamjibu?" Akauliza tena, "Dahabo, si hao babu wa mwanao tuliotajiwa wakati wa posa? Mtoto anangoja."

Dahabo akatazama bangili zake. Wanawake wote wakamtazama yeye. Kisha ikatoka, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa: "Ni wetu."

Dada, nilipiga kigelegele mpaka koo likaniwasha!

Harusi haikuvunjika. Nilitaka ivunjike, sikufichi. Bibi harusi nilimwonea huruma kidogo, kama unavyomwonea abiria anayepanda gari bovu uliloshuka. Lakini Abdi, nasikia, bado anaulizwa maswali na wakwe zake.

Wiki haikuisha, Dahabo huyo kwangu, alasiri ya ngoma, akina mama wamekaa mkekani. "Mtoto ni yetu, umesikia nikisema mbele ya watu. Nakuja kuchukua yeye." Niliogopa, maana hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimemfungulia mlango mwenyewe. Lakini sikumwonyesha. Nikamwambia, "Twende kwa kadhi basi. Akuulize ulikuwa wapi miaka mitatu." Akarekebisha shela. Nikaendelea, "Ukimtaka Hibo, yuko hapa kila alasiri. Utakaa mkekani na wenzako umjibie. Nyumbani kwako haendi."

Akacheka. "Mimi? Nikae kwa vumbi?"

Sahra akamwambia, "Kaa, Dahabo, unatuzibia upepo." Akina mama wote wakaangua kicheko. Akakaa.

Sasa anakuja. Dhahabu anaacha nyumbani. Jana Hibo alipomaliza, Dahabo akajifanya kukohoa, akasema ile "ni wetu" yake chini ya shela. Nikashika mtungi, nikasimamisha watoto wote. Hibo akangoja, nasi tukangoja. Nikamwambia, "Mama, mtoto hajasikia."

Akarudia. Mpaka punda wa jirani akaitika. Hibo akacheka, na kwa mara ya kwanza akasahau kuziba mdomo.

Usiniambie nimsamehe. Namkaribisha chai, anakunywa, inatosha.

Msalimie shemeji anayevusha watu mtoni, na mjomba mwenye shamba la nyanya, na yule bibi mkunga aliyenipokea duniani, mwambie mikono yake haikupotea bure. Mama mkande miguu kwa niaba yangu.

Mtungi unaniita, watoto wameshafika.

Mdogo wako asiyesahau,
Halima