Viwanja Vinne vya Mchoraji Mmoja, na Ngitili Yetu ya Nkoma

Uskoti, Jumapili, mvua inanyesha

Mdogo wangu Sayi, ng'wana mayu,

Mwangaluka. Naomba barua hii ikukute umeshatoka zizini na bakuli la uji liko mkononi, maana najua husomi kitu kabla ya uji. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na yule ndama aliyekuwa anachechemea, kwato zimepona? Sisi huku hatujambo. Mwanangu Kabula na mumewe wanapokezana zamu za kazi hospitali, mimi nampokea mjukuu akitoka shule, na baridi imeanza kunichezea magoti ingawa wenyeji wanasema bado ni kiangazi.

Nimepata maneno yako. Umeniuliza jambo moja tu: tuilime ngitili, yale malisho ya akiba aliyotuachia Baba, ndiyo au hapana? Mwenye trekta anakuja mvua za kwanza zikianza, na wewe huwezi kuigusa bila neno langu mimi mkubwa. Umeandika, "Kaka, ng'ombe wamebaki tisa. Nyasi hazituvishi shati, pamba ndiyo inatuvisha." Nilicheka, kisha nikayasoma tena, kwa sababu ni kweli umebaki peke yako na mashamba yaliyochoka, na mimi niko huku nakunywa chai.

Ungeweza kunipigia simu nikajibu kwa neno moja. Lakini neno la ardhi lafaa liandikwe, lisomwe mbele ya Mama na shangazi, ili kesho asiwepo wa kusema hakusikia. Basi nivumilie, kama walivyonivumilia wanafunzi wangu wa jiografia pale Maswa. Jibu nimelipata mahali ambapo hutaamini. Nimelipata kwenye viwanja vya gofu.

Gofu ni mchezo wa kupiga kijipira kigumu, kidogo kuliko yai la kanga, kwa fimbo ya chuma, halafu unakifuata kwa miguu mpaka ukiingize katika kishimo chenye bendera. Ukimaliza kishimo hicho unakwenda kingine, hadi kumi na nane. Uwanja mmoja unakula eneo kubwa kama kutoka kwetu mpaka mnadani. Wala si tambarare kama uwanja wa mpira. Una vilima, mabonde, vijito, na mashimo ya mchanga ambayo mpira ukiingia humo unatoka kwa taabu. Kwa hiyo yuko fundi anayeitazama ardhi na kuamua mchezaji aanzie wapi, apite wapi, apate shida wapi. Wanamwita mchoraji wa viwanja.

Jirani yetu hapa ni mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi, anaitwa Duncan. Macho yake yanakufa, tena yanaanzia katikati: anaona pembeni, lakini uso wa mtu aliye mbele yake ni kivuli. Daktari amemwambia hayatarudi. Katika sehemu hizi kuna viwanja vinne vilivyochorwa na mtu mmoja, aliyefariki zamani sana, na Mzee Duncan amebishana na wenzake maisha yake yote ni kipi bora. Wenzake wamekwisha kufa. Alitaka avizunguke vyote vinne mara ya mwisho, avipange, aridhike. Akaja kubisha hodi, akamwambia Kabula, "Nasikia baba yako alikuwa mwalimu. Niazime macho yake."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo haya. Kabula alikuwa anatuendesha siku zake za mapumziko. Sisi wawili tulikuwa tunatembea, hatuchezi, mkono wake umeshika kiwiko changu.

Uwanja wa kwanza nilifanya kituko, na ukimsomea Mama atacheka. Tulifika, nikaona nyasi za ajabu. Njia ya wachezaji imekatwa fupi kama imelambwa na ng'ombe, na kando yake nyasi zimeachwa ndefu, zinafika kiunoni, zimekauka na kuwa za dhahabu, na upepo unazilaza na kuziinua. Moyo wangu uliruka. Nikamwambia Mzee Duncan, "Kumbe na nyinyi mna ngitili!" Hakunielewa. Kabla sijamweleza, nikaona mzungu mmoja amevaa kofia nyekundu anaingia katikati ya zile nyasi, anazikanyaga huku na huku. Sayi, sikujizuia. Nilipaza sauti: "Bwana! Toka humo! Haijafunguliwa bado!"

Yule bwana alisimama mguu mmoja hewani.

"Haijafunguliwa nini?" akauliza.

"Nyasi! Zimewekwa za kiangazi. Mwaka mzima hazikanyagwi, unakujaje kuziharibu leo?"

"Natafuta mpira wangu."

"Na wenye ng'ombe wakikukuta?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ng'ombe wako wapi?"

"Hilo nilitaka kukuuliza wewe."

Mzee Duncan alicheka mpaka akanishika kwa mikono miwili asianguke. Kabula alijifanya hatujui. Ndipo nikaelezwa kwamba zile nyasi ni adhabu ya mtu aliyepiga vibaya, na kwamba hakuna mnyama anayezila. Nikawaeleza na mimi: kwetu jamii inatenga eneo la malisho tangu mvua za mwanzo, halichungwi, mpaka ukame ukikaza ndipo mkubwa wa boma anakwenda mwenyewe kulifungua. Yule wa kofia nyekundu alisikiliza mpaka mwisho, mpira hakuupata. Akasema, "Basi Mungu akubariki, mzee. Leo nimekatazwa kwa heshima."

Uwanja wa pili uko bondeni, karibu na mji. Zamani palikuwa kinamasi. Mzee Duncan alinieleza kwamba wenye mali walimharakisha mchoraji, wakataka uishe kiangazi kimoja, akalisawazisha bonde lote na kulifukia. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha kidogo tu. Vishimo viwili vilikuwa vimefungwa, maji yamesimama juu ya majani kama mbuga yetu mwezi wa Machi. Mzee Duncan aliniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia naona maji yanadai njia yao ya zamani. Akaitikia kwa kichwa, akasema hivyo hivyo yamekuwa yakidai tangu yeye ni kijana.

Sasa wa tatu. Hapa ndipo nilipopata somo, nami naomba usome taratibu. Ni uwanja wa juu, una kilima katikati, na vishimo vingi vinakizunguka. Mzee Duncan alikuwa amenikataza kusema neno "nzuri." Alisema, "Nzuri haina macho. Niambie maji yangekwenda wapi." Basi nikasimama, nikamsomea ile ardhi kama ninavyokusomea wewe barua hii. Nikamwambia: mvua ikinyesha hapa juu maji yatagawanyika pande mbili, haya yatateremka taratibu kushoto kupitia kale kabonde, yale yatapumzika pale penye nyasi nene kabla ya kufika kijitoni, na hakuna mahali yatakapokimbia. Nikamwambia kilima hiki Mungu alikiweka kwa mkono ulionyooka.

"Una hakika ni Mungu?" akauliza.

"Nimefundisha jiografia miaka thelathini."

"Kilima hiki kililetwa kwa mikokoteni ya farasi."

Sikuamini. Kabula akasema, "Baba, leo umeshindwa mtihani." Tukaenda ofisini kwao, na pale ukutani kuna picha ya zamani: ardhi bapa kabisa, farasi, watu na majembe. Kilima hakipo. Sayi, nilihisi baridi mgongoni, na si ile ya Uskoti. Mtu wa kawaida mwenye fimbo ya kutembelea amelundika udongo, akaupa umbo, na mimi niliyezaliwa kwenye mawe ya Nkoma, niliyechunga tangu sijang'oa meno, nikaapa kwamba ni kazi ya Muumba. Nikauliza aliwezaje. Wakaniambia inasimuliwa kwamba alikaa mwaka mzima bila kugusa koleo. Kila ilipopiga mvua kubwa alitoka nje akasimama uwanjani, akatazama, akarudi. Watu walidhani ana wazimu.

Uwanja wa nne uko ufukweni, kwenye ardhi ya mchanga isiyofaa kwa shamba. Hapo mchoraji hakuhamisha kitu. Yale mashimo ya mchanga yalichimbwa na kondoo kabla ya yeye kuzaliwa, wakijikinga na upepo, na yeye aliyaona akayaacha yawe mitego. Kondoo bado wapo. Mmoja alitusindikiza vishimo vitatu. Mzee Duncan alikuwa anasikiliza upepo. Kwenye kishimo cha mwisho aliniomba nimwambie bendera imeelekea wapi, na nilipomwambia, alivua kofia.

Ndani ya gari tukarudi tunabishana.

"Wa ufukweni ni wa kwanza," akasema. "Hakuna mjadala."

"Wa kilima," nikasema mimi.

"Wewe! Mtu wa ng'ombe! Kule kuna wanyama, huku kuna udongo wa mikokoteni."

"Kule alikuta kazi imekwisha kufanywa. Kwenye kilima aliifanya mwenyewe, na mvua haikumlalamikia."

"Kabula, baba yako amewahi kushika fimbo ya gofu?"

"Fimbo ya kuchungia tu," akajibu Kabula.

"Basi kura yake ni nusu."

Tulipanga hivi, na bado hatujapatana nafasi ya juu: mimi wa kilima ni wa kwanza, wa ufukweni wa pili, yeye kinyume chake. Wa nyasi ndefu tumeuweka wote wa tatu, maana umechorwa kwa akili lakini nyasi zake hazimfai mtu. Wa bondeni ni wa mwisho, na hatukubishana.

Nadhani umeshaanza kusema, "Kaka sasa ananiambia hapana kwa sababu ya mababu." Sivyo. Ningekuwa nimeona uwanja wa kondoo peke yake ningekuandikia hivyo: usiguse, iache kama ilivyo. Kile kilima kimeninyang'anya jibu hilo rahisi. Ardhi inaweza kuguswa, hata kugeuzwa kabisa, ikapendeza na ikadumu. Lakini aliyeigusa awe amesimama kwanza kwenye mvua.

Sasa tuisome ngitili yetu. Juu kuna mawe. Chini ya mawe kuna luseni, ule mchanga mwepesi, na umekaa pale kwa sababu moja tu: mizizi ya nyasi imeushika. Chini ya luseni ardhi inainama, na mwisho wa mwinamo kuna lambo, ambalo ng'ombe wako tisa na wa majirani wote wanalinywea. Mwenye trekta atalima kuteremka mlima, maana ndivyo trekta linavyopenda. Mwaka wa kwanza utavuna pamba, sikatai, pengine nyingi. Lakini kila mfereji wa jembe utakuwa njia ya maji, na luseni yote itashuka kwenye lambo. Utapata shati, mdogo wangu, na ng'ombe watakosa maji, na majirani watakuja kukuuliza wewe. Mimi nitakuwa mbali.

Kwa hiyo neno langu ni hapana. Ngitili isilimwe, na mwenye trekta asiingie pale hata kwa kupitia.

Lakini najua kukuambia hapana nikiwa mbali ni kazi nyepesi, na pamba lazima ulime mahali. Basi kalime kiwanja changu cha kando ya barabara, kile mlichonigawia nije kujenga nikistaafu. Ni ekari tatu, ngitili ni saba. Hesabu hailingani, naijua. Lakini pale ni tambarare, udongo umepumzika, na maji yake hayana haraka. Ule msingi tuliouanza na marehemu mama Kabula, mawe yake yang'oe, uyapange kama kingo chini ya ngitili pale maji yanapoanza kuchimba. Usiniulize mara mbili. Nimeshalala nalo neno hili usiku tatu na halijabadilika.

Mwambie Mama nampigia magoti. Shangazi Minza, aliyetulea Mama alipokuwa mgonjwa, mwambie sweta aliyomfumia Kabula imekamilika, itakuja na mtu anayesafiri Desemba. Msalimie katekista wetu, na umwambie bado nasali kwa Kisukuma, Mungu wa huku anaelewa. Wanao wote wasalimie, hasa Doto anayependa ramani. Mzee Duncan naye anakusalimu; amesema kama siku moja utataka kishimo kimoja tu cha gofu kwenye ngitili, atakuja kukipanga kwa miguu, bila macho. Nimemjibu utamfungulia kiangazi.

Na shemeji mwambie aanze kuzoea. Nikirudi sina tena nyumba ya kujenga, nitalala kwenu chumba cha mbele, na nakohoa asubuhi.

Wabeja, asante, ng'wana mayu.

Mimi kaka yako,
Maduhu