Twiga Juu ya Mashine

Shikamoo Babu. Hapa mtaani Tena tuko wazima, na Mama anauliza goti lako linaendeleaje.

Umeuliza kwa nini najenga chuma kisha nakikata, ilhali wewe unachonga kwa kukata tu. Babu, kitu kikishafungwa, kisu hakifiki tena ndani. Kwa hiyo mashine hujenga tabaka chache za chuma kilichoyeyushwa, tunalainisha tundu la ndani kwa kisu chake, kisha tunaendelea kujenga.

Jana fundi mkuu wa karakana alikicheka kipande changu cha kwanza, kikiwa bado na matuta nje: "Wee msichana, hiki ni kichuguu! Rudi kwa babu yako ukachonge twiga."

Unajua nilivyo na haya. Lakini nilimalizia kukikata mbele yake, kikang'aa ndani na nje.

Sirudi, Babu. Nichongee twiga mmoja, nimsimamishe juu ya mashine yangu, fundi amwone kila asubuhi.

Mjukuu wako,
Mwende