Mkono wa Vidole Vitatu

Makanyagio,
S.L.P. 41,
Mpanda.
9 Juni 2024

Mwanangu mpendwa Rénovat,

Salaam nyingi toka nyumbani. Huko Mtwara mnaendeleaje? Homa ya mkeo Imakulata imeshuka? Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua na baridi hii ya asubuhi. Mahindi tumeshavuna.

Nakuandikia habari za mdogo wako Ambrosi. Ulisema, kwa ule uteja wake wa unga, kwako ameshakufa. Hajafa. Toka Machi anakunywa methadoni kliniki, ile dawa ya kuachia unga, na unga hajaugusa tena. Ila mwili ulimuuma mno, miguu ikiruka yenyewe kitandani. Daktari, akijua kazi ya kukanda viungo niliyofanya hospitali kabla ya kustaafu, akaniomba nimkande kila siku. Alinionya kwamba kukanda hakuchukui nafasi ya dawa; kunamsaidia tu kuvumilia na kulala.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Wiki ya pili, saa sita mchana, mlango wazi, nilikuwa namkanda mabega. Tulikuwa wawili tu. Akauliza, "Mama mdogo, huyo mwenzako ni nani?"

"Mwenzangu yupi?"

"Huyu anayenikanda kiuno. Mkono wake una vidole vitatu."

Mikono yangu yote ilikuwa mabegani. Nikatazama kiunoni: nyama ilikuwa inabonyea, taratibu, kisha inarudi.

Unajua mwenyewe marehemu baba yenu Telesphor alivyokatwa vidole viwili na mashine ya kukoboa mpunga. Alikufa Ambrosi akiwa bado tumboni, na marehemu dada yangu, mama yenu, hakutaka yatajwe. Picha iliyobaki ni ya uso tu. Je, wewe uliwahi kumwambia?

Iliendelea siku tisa. Nilikanda huku nasali. Sikuthubutu kuacha, maana ndizo siku alizoanza kupata usingizi. Siku ya kumi akasema, "Leo ni wewe peke yako." Ndipo nikamweleza.

Akauliza: "Alikuwa na hasira na mimi?"

Nikamwambia mkono wenye hasira haukandi hivyo. Alilia mpaka shuka likalowa.

Sasa anakula, anachota maji, kliniki anakwenda mwenyewe. Ila kila simu ikilia ananitazama usoni, halafu anainamisha kichwa. Mpigie, baba. Kama kumsamehe bado ni kuzito, mpigie tu, akuulize baba yenu alikuwa mtu gani. Wa kumjibu umebaki wewe.

Nisalimie Imakulata na wajukuu zangu, Agatha na Martin. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Mama yako mdogo akupendaye sana,
Aneth