Munyu Wako na Kifua cha Nekesa

Mama wa Bokoli, mpendwa wangu,

Asubuhi ya leo nimechuja maji ya majivu hapa Kitale, na yametoka hafifu tena. Nikiyafikicha kati ya vidole hayatelezi kama yako. Nimemwuliza Wafula kama kasoro ni ya majivu au ya mkono, akasema ni ya mkono. Mwanao hajui kubembeleza mtu. Nimeyatumia hivyo hivyo kusugulia sufuria za jana, kwa gunzi la mahindi, na zimetakata, kwa hiyo nisinung'unike sana.

Nakuandikia kwa sababu kuna ombi uliloniachia na hukungoja kuona lilivyokwenda. Uliomba usipelekwe mochari, ili Nekesa, mjukuu wako mwenye pumu, aweze kukuaga kwa karibu. Uliniambia mimi peke yangu, mke wa mwanao mdogo, mtu aliyeolewa kutoka kwingine. Kisha ukaenda zako. Watu husema marehemu huona kila kitu. Mimi sina hakika, na jambo lenyewe ni zito, kwa hiyo heri nikueleze mwenyewe.

Ila nitaanza na mashati, kwa sababu mimi na wewe tulianzia hapo.

Nilikuwa mke mgeni pale Bokoli, sijamaliza hata mwezi. Kwetu, sisi ambao wazee wetu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia, mabua ya maharagwe hupewa ng'ombe, na chumvi hutoka dukani. Sikujua kwamba kwenu mabua hayo huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, yakamwagiwa maji, na yale yanayodondoka ndiyo munyu wa kulainishia mboga. Mimi niliona chungu, nikaona maji ya hudhurungi yamejaa chini yake, nikakumbuka nyanya yangu akisema maji ya majivu yanang'oa uchafu. Nikayachukua yote. Nikafua mashati ya Wafula huku nikiimba, nikayaanika mahali ambapo ungeyaona ukirudi kutoka sokoni.

Ukarudi na kunde. Ukaenda kwenye chungu. Ukatazama kamba ya nguo, ukanitazama mimi, ukaingia jikoni. Jioni ile tulitafuna kunde mpaka mataya yakauma, na mbele ya watu wote ukasema, "Reo shati za Wafula zimekula mboga yetu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyethubutu kucheka hadi ulipocheka wewe.

Kesho yake nilikukuta chini ya kamba, umeshika kola ya shati moja unaikagua. "Lakini imetakata, bana. Ata hapa kwa shingo." Wiki hiyo ukatoboa chungu cha pili. "Hii ni ya kukula. Hii ni yako ya kuosha. Ukichanganya tena, tutakupikia shati."

Nilijua hapo kwamba nimepata mama.

Halafu akazaliwa Nekesa, na alipofika miaka mitatu kifua chake kikaanza. Siku ya kwanza nilikuwa natarajia wageni wa kanisa. Nilipiga deki nyumba nzima kwa dawa ya dukani yenye harufu kali, nikajisifu kwamba sasa inanuka usafi. Mtoto akaanza kukohoa, kifua kikapiga filimbi, midomo ikabadilika rangi. Wageni walipofika tulikuwa tayari hospitalini. Daktari alituambia ni pumu, akatupa inhela na dawa, akatuonya tuangalie moshi, vumbi na harufu kali.

Ulikuja kutoka Bokoli na gunia la mabua makavu, mtungi wa maji ya majivu na kuku mmoja. Kabla hujaketi ulizunguka vyumba vyote ukinusa. Ukafungua kabati langu. "Hii inanuka. Hii inanuka. Hii ata imefungwa na inanuka." Nilikereka, Mama, sikufichi. Nikakwambia hizo ndizo zinazoua viini. Ukanijibu, "Sikatai. Lakini mtoto ni mmoja."

Tangu siku hiyo jikoni mwangu pakawa mahali pa kujaribia mambo. Maganda ya nanasi tuliyaloweka kwenye ndoo kwa maji na sukari kidogo mpaka yakawa siki, ya kufutia madirisha na mifereji. Magadi ya kupikia githeri na ndimu zilizonyauka, zile mama mboga anazotoa kama nyongeza, zikawa za sinki na choo. Maji ya majivu ya sakafu, na mikono tuliifunga mifuko ya plastiki kwa sababu yanachubua. Si kila kitu kilienda sawa. Ndoo ya nanasi ilituletea vijinzi mpaka tukajifunza kuifunika kitambaa. Uliacha maji ya majivu yalale kwenye sufuria yangu mpya ya aluminiamu, ikaamka nyeusi tititi, na ukasema imezeeka tu, kama watu wengine.

Kipimo kilikuwa mkono wako. Kila tulipotengeneza kitu kipya ulifuta pembe moja tu ya chumba, ukamshika Nekesa, ukakaa naye mlangoni, kiganja chako kikiwa mgongoni mwake. Kifua kikitulia, ulisogea hatua. Kikitulia tena, ulisogea nyingine. Nakumbuka majani ya mkaratusi uliyochemsha. Wewe mwenyewe uliipenda harufu yake kuliko kitu chochote, ulisema inakukumbusha ujana wako Cheptais. Nekesa alikohoa mara moja tu, ukainuka, ukaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba, na hukuyataja tena.

Jirani yangu mmoja aliwahi kuuliza, kwa ule upole wenye sindano, mbona nyumba yetu haina harufu ya usafi. Nilikuwa natafuta jibu la heshima. Wewe ulikuwa na lako tayari. "Usafi hauna halufu, mama. Ukisikia halufu, hiyo ni ya duka." Siku hizi jirani huyohuyo huja na chupa tupu kuomba siki ya nanasi. Nampa. Sijamkumbusha, ingawa ulimi huniwasha.

Yale mazishi ya kule Naitiri ndiyo yaliyokubadilisha, nadhani. Binamu yako alikuwa amekaa mochari muda mrefu, na jeneza lilipofunguliwa harufu ya dawa waliyomtia ilijaa sebule nzima. Tulimkimbiza Nekesa hospitalini kwa bodaboda, mimi nimemkumbatia, inhela haisaidii kitu. Alipona. Wewe ulikaa kando ya kitanda chake hadi tuliporuhusiwa, na safari nzima ya kurudi hukusema neno. Nilifikiri umechoka tu.

Kumbe ulikuwa unapiga hesabu ya mazishi yako. Moyo ulipoanza kukulemea ukakataa kulazwa, nikaja Bokoli kukuuguza. Nilikuwa nafuta meza ya dawa zako kwa kitambaa cha maji, umenipa mgongo, nikidhani umelala.

"Mama Nekesa."

"Naam, Mama."

"Mkinipereka mochari, huyu mtoto ataniaga na wapi? Si atasimama huko kwa barabara kama mgeni? Mnizike halaka, nikiwa bado mimi."

Nikakwambia usiseme hivyo, utapona. Ukageuka. "Sema ndio."

Nikasema ndio. Wiki haikuisha.

Nikwambie ukweli, nilikukasirikia. Wewe mwenye watoto waliozaliwa na tumbo lako, kwa nini hukumwambia Simiyu, mwanao wa kwanza, anayekaa kwenye kiti cha baba yake? Ulijua neno la mke wa mtu lina uzito gani wanaume wakikaa kupanga mazishi. Hasira hiyo bado hunijia, hasa nikiwa naosha vyombo, kisha hupita, na ninachobaki nacho ni hamu tu ya kusikia sauti yako ikinisuta.

Ulitutoka alfajiri. Kufikia saa tatu wanaume walikuwa wamekaa uani, na Simiyu alikuwa ameshapiga simu kuita gari la mochari. Niliwaacha wanawake jikoni nikaenda kusimama kando ya Wafula. Nikasema uliomba uzikwe upesi, na kwa nini.

Simiyu akanigeukia. "Aliomba mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Shemeji, si ati nakuita mwongo. Lakini mama mzima wa boma azikwe mbio mbio kama kuku? Watu wa Nairobi bado. Kwaya bado. Watu watasema tulimtupa."

Wafula akasema, "Mimi namuamini." Hakuna aliyelichukua neno lake. Nilijua nimeshindwa, Mama. Nilianza hata kufikiria nitamwambia nini mtoto.

Ndipo Nekesa akatoka nyumbani akimtafuta baba yake. Alikuwa amelia sana, na ile filimbi ya kifua ilisikika kabla hajatufikia. Unajua Simiyu alivyokuwa akimwita mtoto wa mayai, kwamba pumu ni maringo ya watu wa Kitale. Alikuwa ndiye aliye karibu, basi akamvuta amketishe gotini. Akaweka mkono mgongoni mwake ili amtulize, na mkono ukabaki pale. Nilimwona akisikiliza kwa kiganja. Uso wake ukabadilika.

"Inakuwanga hivi kila siku?"

"Akilia, hivi," nikamwambia. "Akisikia harufu kali, zaidi ya hivi."

Alimshika mtoto mpaka inhela ilipofanya kazi na pumzi ikarudi. Kisha akatoa simu, akalirudisha lile gari njiani. "Kesho jioni," akawaambia wenzake. "Wa Nairobi wakichelewa, watapata kaburi." Alisema hivyo kwa ukali, halafu akaenda nyuma ya zizi, na wote tulijifanya hatujui amekwenda kulia.

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi uliyoniachia naijua. Majirani walikuja kutusaidia kusafisha nyumba kwa ajili ya waombolezaji, na mmoja, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa na chupa ya ile dawa kali. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, tafadhali, si hiyo." Nilipowaeleza, walitawanyika wakarudi na ndimu za miti yao, na magadi, na ndoo. Tuliosha kuta, sakafu, fremu za madirisha, kitanda chako. Wazee wa kike walipokuosha wewe, mimi ndiye niliyewabebea maji. Yalikuwa ya vuguvugu, nimeyakamulia ndimu kidogo. Kulikuwa na sabuni ya manukato kwenye sahani na mafuta ya kunukia kando yake, na yule mkubwa wao akaviondoa bila mimi kusema. Wakakuvalisha kitenge chako cha kijani, kilichofuliwa kwa maji tu na kuanikwa juani.

Asubuhi ya mazishi nikamleta Nekesa. Nilikuwa nimekamata inhela mkononi kwa nguvu mpaka kiganja kikauma. Nilitaka tuanzie mlangoni, tusogee kidogo kidogo, lakini aliniachia mkono akaja kwako moja kwa moja. Akakutazama. Akaweka shavu kifuani pako, akajilaza hapo kama alivyokuwa akijilaza siku zote, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Nilikuwa naangalia mgongo wake. Ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka. Alikuwa ananong'ona nawe, sikusikia nini, na sijamuuliza mpaka leo.

Wageni walianza kujaa nje. Nikapiga hatua nimwite, nikahisi mtu amenigusa bega. Ni Simiyu.

"Wacha amalize," akasema.

Basi sote tukasimama, sisi na watu wote wa nje, na mchungaji na Biblia yake, tukamngoja mtoto wa miaka minane. Hakuna aliyemharakisha. Alipotosheka aliinuka, akakunyooshea ukosi wa kitenge, akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

Ombi lako lilikwenda hivyo, Mama. Mtoto alikufikia.

Lala salama huko Bokoli. Hapa tunapumua.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Mama Nekesa